Okidi na Neno Lililoiua: Funzo Moja la Historia kwa Wafasiri

Utangulizi

Makala haya yanahusu historia ya kulea okidi nyumbani, yaani ile mimea ya maua inayowekwa katika vyungu karibu na dirisha. Huenda msomaji akashangaa kuona jambo la bustani limeletwa katika jarida la istilahi. Sababu yake ni kosa la tafsiri alilolifanya mwandishi mwenyewe.

Miaka michache iliyopita mama mmoja auzaye miche na maua ya vyungu aliniletea karatasi ya maelezo iliyoandikwa kwa Kiingereza, akaniomba nimfasirie kwa Kiswahili ili awape wateja wake. Karatasi yenyewe haikuwa ndefu. Ilisema kwamba okidi zile ni mimea ya aina ya epifiti, kisha ikaeleza namna ya kuzipanda na kuzinywesha. Kazi hiyo niliifanya jioni moja, kwa haraka. Palipotajwa epifiti niliandika "kimelea", maana neno hilo la asili ya Kigiriki lina sehemu mbili, "juu ya" na "mmea", nami nikaridhika kwamba kimelea ni kitu kinachomea juu ya kingine. Palipotajwa vitu vya kujaza chungu niliandika "udongo". Palipotajwa maji niliandika "mwagilia mara kwa mara".

Baada ya miezi miwili hivi mama yule alirudi. "Mwanangu," akaniambia, "wateja wananirudishia vyungu vitupu. Wengi wameifukia kwenye udongo wa shambani. Mmoja ameifunga kwenye mche wa mwembe apate kuona itakavyonyonya. Zote zimeoza." Sikuwa na la kumjibu ila kumwomba radhi.

Nilipoanza kusoma habari za mmea huu ili nirekebishe tafsiri yangu, niliona kwamba kosa langu halikuwa jipya. Lilikwisha kufanywa Uingereza katika karne ya 18 na ya 19, na watu wenye elimu kubwa kuliko yangu, likateketeza mimea isiyo na idadi. Ni historia hiyo nitakayoieleza hapa, kwa kuwa inaonyesha waziwazi jinsi neno linavyoweza kuongoza mkono wa mtu, na jinsi mkono unavyoweza kuua kwa kulitii neno.

Asili ya jina

Neno la Kigiriki "orchis" maana yake ni korodani. Theophrastus, mwanafunzi wa Aristotle na mmoja wa waandishi wa kwanza wa elimu ya mimea, alilitumia jina hilo kwa ajili ya mmea wa nchi za Mediterania ambao chini ya ardhi una viazi viwili vidogo vilivyokaa pamoja. Kwa hiyo jina lilitokana na kile kilichofukiwa, wala si ua.

Jambo hili halipaswi kuwa geni kwetu. Katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, hasa upande wa Makete na uwanda wa Kitulo, ziko okidi nyingi za ardhini zenye viazi vya namna hiyo. Viazi hivyo vimechimbwa kwa wingi na kuuzwa hadi Zambia, ambako husagwa na kupikwa pamoja na karanga, na chakula chenyewe huitwa chikanda. Kitulo ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na wenyeji huiita Bustani ya Mungu kwa sababu ya maua yake. Kwa mchimbaji wa Makete, kama kwa Mgiriki wa kale, okidi ni mmea wa ardhini.

Lakini okidi zote si za ardhini. Jamii hii ya mimea ina spishi zaidi ya 25,000, na yapata saba katika kila kumi huishi juu ya miti au miamba, mizizi yake ikining'inia hewani. Hizi ndizo zilizopelekwa Ulaya na hatimaye kuingia majumbani. Hivyo jina la mmea wa chini lilitwaliwa likapewa mmea wa juu, na hapo ndipo matatizo yalipoanza kuota.

Yafaa pia kutaja kisa kidogo cha herufi moja. Umbo la Kiingereza lenye "d" mwishoni lilienezwa na mtaalamu wa mimea John Lindley katika kitabu chake cha shule cha mwaka 1845. Herufi hiyo haimo katika shina la neno la Kigiriki. Iliingizwa kwa kukosea unyambuaji wake. Nasi tulipolitohoa tukapata "okidi", tulilichukua pamoja na kosa lake. Kosa hilo halikumdhuru mtu wala mmea. Makosa mengine ya Lindley hayakuwa mepesi hivyo, kama tutakavyoona.

Waliotangulia

Sio haki kuianza historia ya okidi za nyumbani Ulaya. Wachina walikuwa wakizilea katika vyungu karne nyingi kabla, na mwaka 1233 Zhao Shigeng aliandika kitabu juu ya okidi za jimbo la Fujian, akizipambanua aina zake na kueleza namna ya kuzitunza. Okidi hizo aghalabu zilikuwa za ardhini, na ziliwekwa ndani ya nyumba za wasomi kwa ajili ya harufu yake zaidi kuliko rangi.

Wajapani walikwenda mbele zaidi. Iko okidi ndogo ya kwao inayoota juu ya miti, yenye ua jeupe, ambayo waliiita "furan". Silabi ya kwanza ni upepo, na ya pili ni okidi. Katika zama za Edo mabwana wakubwa waliilea kwa fahari. Waliipanda juu ya kichuguu cha kuvumwani kilichoachwa tupu ndani, mizizi ikipitiwa na hewa pande zote. Yeyote aliyelisikia jina hilo alikwisha kupewa nusu ya maelezo ya malezi: mmea huu unataka upepo.

Mwaka 1790 kasisi wa Kireno João de Loureiro, aliyekaa miaka mingi katika nchi ambayo sasa ni Vietnam, alichapisha kitabu cha mimea ya huko. Humo aliiita jamii moja ya okidi "Aerides", kutokana na neno la hewa, akaeleza kwamba ikitundikwa hewani huishi na kutoa maua. Kwa hiyo maarifa yalikuwapo, na yalikuwa yameandikwa.

Kimelea katika jiko

Huko Uingereza mambo yalikwenda njia nyingine. Katika miaka ya 1730 okidi moja kutoka visiwa vya Bahama ilitoa maua Uingereza, na mwaka 1787 okidi ya mtini kutoka Amerika ya kitropiki ilitoa maua katika bustani ya Kew, karibu na London. Baada ya hapo shehena ziliongezeka, maana manahodha, maafisa na wafanyabiashara walizituma kutoka India, Brazil na visiwa vya Karibi.

Watunza bustani walioipokea mimea hiyo hawakupata kuiona kwao. Walichokuwa nacho ni maneno, na maneno mawili ndiyo yaliyowaongoza.

Neno la kwanza ni lile la mnyonyaji. Waliambiwa kwamba mimea hii huota juu ya miti, wakahukumu kwamba inainyonya. Neno lao la kimelea lina asili ya Kigiriki pia, na maana yake ya kwanza ni mtu alaye kando ya mwingine, yaani mdoezi. Hadi leo katika baadhi ya nchi za Amerika ya Kilatini watu wa kawaida huziita okidi "parásitas". Basi waliodhani mmea ni mnyonyaji waliutafutia kitu cha kunyonya: waliusindika katika mbao zilizooza, au wakaufukia katika udongo mzito, kisha wakakizamisha chungu katika tuta la magome ya mwaloni yaliyochacha, yaliyotoka kwa watengenezaji wa ngozi, ambayo hutoa joto kama samadi mbichi.

Neno la pili ni jina la nyumba yenyewe. Nyumba ya vioo ya kulelea mimea ya nchi za joto iliitwa kwa Kiingereza kwa neno lilelile la jiko. Na kwa kuwa iliitwa jiko, iliendeshwa kama jiko. Tanuri la makaa lilipeleka moshi wa moto katika njia za matofali ukutani, madirisha yalizibwa, maji yalimwagwa, na mvuke ukajaa. Watu hao walijua kwamba okidi zimetoka katika ukanda wa joto, nao wakadhani kwamba ukanda mzima ni pwani moja yenye fukuto. Sisi tunaoishi humu twajua kwamba Lushoto si Tanga, na Makete si Dar es Salaam. Wao hawakujua.

Katika hali hiyo mizizi iliyoumbwa kupitiwa na upepo ilikosa hewa, ikaoza. Mmea ulikaa miezi, pengine mwaka au miwili, ukitumia akiba iliyo katika mashina yake yaliyovimba, kisha ukafa. Na kwa kuwa kifo kilikawia, mtunza bustani hakukiona kisa chake. Alidhani joto halikutosha, akaongeza makaa.

Hata hivyo walikuwapo waliokisia ukweli. Sir Joseph Banks, aliyepata kusafiri na nahodha James Cook, alizilea okidi zake katika vikapu vilivyofumwa, pamoja na kuvumwani, na zikastawi. Lakini mfano wake haukuenea upesi.

Mtaalamu wa mezani

Mwaka 1818 William Swainson alituma mimea kutoka Pernambuco, Brazil, na baadhi ikafika kwa mfanyabiashara William Cattley, kaskazini ya London. Ilipochanua, ua lake kubwa la zambarau liliwashangaza watu wote. Lindley, aliyekuwa akifanya kazi kwa Cattley, aliipa jina la Cattleya labiata mwaka 1821. Ua hilo liliiwasha tamaa ya okidi Uingereza nzima.

Lindley huyu anatuhusu sana, kwa sababu kazi yake kubwa ilikuwa ya kutoa majina. Hakuna mtu wa zama zake aliyezipa majina okidi nyingi kuliko yeye. Moja ya okidi kubwa za Afrika, yenye maua ya manjano na madoa ya hudhurungi kama ngozi ya chui, ambayo huota juu ya miti hata katika misitu ya pwani yetu, aliipa jina la Ansellia mwaka 1844, kwa heshima ya John Ansell, mtunza bustani aliyekuwamo katika msafara wa Mto Niger wa mwaka 1841. Lindley alikuwa profesa, mhariri na karani wa chama cha wakulima wa bustani. Lakini hakuwahi kufika katika nchi zilikotoka okidi. Kazi yake aliifanya mezani, mbele ya mimea iliyokaushwa na barua za wasafiri.

Mwaka 1830 Lindley alitoa mbele ya chama hicho maelezo ya namna ya kulea okidi za mtini. Aliyategemea masimulizi ya watu waliokusanya mimea katika misitu ya mabondeni, naye akayafanya kuwa kanuni ya okidi zote: joto jingi, kivuli kizito na unyevu usiokatika. Kwa kuwa aliyesema ni Lindley, kanuni ilienea kama amri. Okidi za mabonde zilivumilia. Zile za milimani, kama zilizotoka katika milima ya Andes kwenye baridi na ukungu, zilikufa kwa makundi.

Simlaumu Lindley kwa kejeli. Mtu aliyekaa mezani na kupewa karatasi ya kigeni, akalifasiri neno kwa kuangalia sehemu zake bila kukiangalia kitu chenyewe, hana ujasiri wa kumlaumu.

Waliofungua madirisha

Marekebisho hayakuanzia katika vitabu. Yalianzia kwa watunza bustani waliokuwa na mimea mikononi. Katikati ya miaka ya 1830 Joseph Cooper, mtunza bustani wa Earl Fitzwilliam huko Wentworth, Yorkshire, alipunguza joto la nyumba yake ya okidi na kuingiza hewa safi, na wataalamu waliomtembelea walistaajabu kuiona mimea yenye afya kuliko yao. Joseph Paxton, aliyetunza bustani ya Duke wa Devonshire huko Chatsworth, alizigawa okidi katika nyumba mbalimbali kulingana na hali ya hewa ya kwao, akapitisha hewa, na kulowesha sakafu badala ya kulowesha mizizi bila kipimo. Mwaka 1835 alimtuma John Gibson kwenda India, na Gibson aliporudi mwaka 1837 na shehena kubwa ya okidi, palikuwa na mahali pa kuziweka zikaishi.

Baadaye James Bateman alizipigania okidi za baridi, hasa zile za Odontoglossum kutoka nyanda za juu za Amerika, ambazo majiko ya Uingereza yalikuwa yameziangamiza kwa miaka mingi. Matokeo ya mafunzo haya yalikuwa ya kiuchumi pia. Nyumba isiyohitaji makaa mengi iliweza kuendeshwa na mwalimu au karani. Zaidi ya hayo, kodi ya vioo ilifutwa Uingereza mwaka 1845, na bei ya vioo ikashuka. Hivyo okidi ilianza kuteremka kutoka ikulu za mabwana kwenda kwa watu wa kati.

Lakini kila jambo lina gharama yake. Kadiri walezi walivyoongezeka ndivyo misitu ilivyovuliwa nguo. Albert Millican, aliyekuwa mkusanyaji wa okidi Colombia, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1891 kwamba kwa kazi ya miezi miwili walipata mimea 10,000 hivi, na ili kuipata walikata miti 4,000 hivi. Huo ndio uliokuwa utaratibu wa kawaida: okidi ikikaa juu, mti huangushwa. Hapo mnyonyaji wa mti hakuwa okidi.

Kutoka maabara hadi dirishani

Kilichoifanya okidi kuwa mmea wa nyumbani kwa kila mtu ni elimu ya mbegu. Tunda moja la okidi laweza kuwa na mbegu laki kadhaa, hata mamilioni, ndogo kama vumbi, na ndani yake hamna akiba ya chakula. Kwa muda mrefu zilipopandwa hazikuota. Mwaka 1899 Mfaransa Noël Bernard aligundua sababu: katika maumbile mbegu ya okidi huota tu inapoingiliwa na kuvu fulani, ambayo huilisha hadi itoe majani. Ni ajabu kidogo. Mmea ulioshtakiwa kuunyonya mti hauunyonyi. Lakini katika utoto wake hulishwa na kuvu ambayo jicho haliioni.

Mwaka 1922 Lewis Knudson, wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, alionyesha kwamba mbegu huweza kuota bila kuvu, ndani ya chupa iliyosafishwa vijidudu, zikipewa sukari na madini. Mwaka 1960 Mfaransa Georges Morel alionyesha namna ya kuikuza mimea mingi kutokana na ncha changa ya chipukizi, yote ikifanana na mama yake. Mambo hayo mawili yaliifanya okidi kuwa zao la kiwandani. Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, uliotiwa saini Washington mwaka 1973 na kuanza kutumika mwaka 1975, uliziingiza okidi zote katika orodha zake. Na kwa kuwa maabara hutoa miche kwa mamilioni, mnunuzi hana udhuru wa kununua mmea ulioporwa msituni.

Okidi inayouzwa zaidi leo, na ndiyo iliyokuwa katika vyungu vya yule mama, ni Phalaenopsis. Jina hilo alilitoa Carl Ludwig Blume mwaka 1825, na maana yake ni "mfano wa nondo", kwa kuwa maua yake yaliyopangana katika kikonyo yafanana na nondo waliotua. Hukuzwa kwa wingi Uholanzi na Taiwan, na kutoka huko husafirishwa nchi nyingi.

Malezi yake

Baada ya historia hiyo, malezi ya Phalaenopsis yanaelezeka kwa maneno machache, na kila neno lina sababu.

Kwanza ni mizizi. Mizizi ya okidi ya mtini imevikwa ganda laini kama sifongo. Ikiwa kavu huonekana nyeupe ya fedha. Ikilowa hugeuka kijani. Ganda hilo hufyonza mvua na umande upesi, kisha lapasa kukauka. Kwa hiyo chungu kisijazwe udongo. Kijazwe vipande vya magome ya mti, au makumbi ya nazi yaliyooshwa chumvi, pengine pamoja na vipande vya mkaa, na kiwe na matundu ya kutosha chini.

Pili ni maji. Mlezi asitazame kalenda bali mizizi. Ikiwa bado kijani, angoje; ikigeuka nyeupe, achovye chungu katika maji kwa dakika kumi hivi, kisha akiinue maji yachuruzike yote. Mahali pengi hiyo ni mara moja kwa wiki au karibu na hapo, na zaidi wakati wa kiangazi kikali. Maji yasilale katikati ya majani, maana moyo wa mmea huoza.

Tatu ni mwanga na hewa. Dirisha la mashariki lafaa sana, lipatalo jua la asubuhi tu. Jua la adhuhuri huyababua majani. Dirisha lifunguliwe, upepo upite. Nyumba zetu nyingi za pwani na bara zinafaa zaidi kuliko majiko ya Uingereza, na hazihitaji kaa hata moja.

Nne ni subira. Mbolea iwe hafifu, robo ya kipimo kilichoandikwa, na magome yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi yanapoanza kulainika. Usiku ukipungua joto kwa wiki kadhaa, mmea huweza kuchochewa kutoa kikonyo cha maua. Maua yenyewe hukaa miezi miwili hata mitatu, na yakianguka mmea haujafa.

Neno la Kiswahili

Sasa nirudi kwenye kosa langu. Neno "kimelea" limetokana na kitenzi "mea" katika hali ya kutendea: melea, yaani mea juu ya kitu au mahali fulani. Kwa kufuata umbo lake tu, kimelea ni tafsiri sahihi kabisa ya epifiti. Lakini matumizi yamekwisha kulipeleka kwingine. Katika vitabu vya shule na vya afya kimelea ni kiumbe kinachoishi kwa kumnyonya mwingine: mnyoo tumboni, kijidudu cha malaria katika damu, na ile mimea inayoota juu ya matawi ya mwembe na kuyakausha. Maana hiyo imekaa, na haifai kung'olewa. Istilahi hupata maana kutokana na watu wanaoitumia, si kutokana na mizizi yake peke yake. Hilo nililijua darasani, nikalisahau mezani.

Kwa hiyo tunahitaji neno la pili. Njia ya kwanza ni kutohoa na kusema "epifiti". Ni salama, lakini neno hilo ni bubu kwa mkulima na mnunuzi wa chungu. Halimwambii afanye nini. Njia ya pili ni kuunda "mmeajuu" kwa kufuata Kigiriki. Neno hilo ni fupi, ila laweza kudhaniwa kuwa ni mmea mrefu, au sehemu ya juu ya mmea.

Njia ya tatu, ambayo naipendekeza ijadiliwe, ni "kidandia", wingi "vidandia". Sote twalijua tendo la kudandia. Mtu aliyedandia lori amebebwa na lori, amepata nafasi na mwendo, lakini hanywi mafuta yake. Hivyo ndivyo okidi ilivyo juu ya mti: imepata mahali pa kushika, mwanga na upepo, na chakula chake inajitafutia. Neno liko katika ngeli moja na kimelea, kwa hiyo mwalimu aweza kuyaweka mawili hayo ubaoni bega kwa bega na kuwaeleza wanafunzi tofauti yake kwa sentensi moja: kimelea hunyonya, kidandia hubebwa.

Najua liko pingamizi. Kudandia kuna harufu ya utovu wa nidhamu, na pengine mwenye lori hapendi. Wasomaji wenye neno bora zaidi, hasa wanaotoka mahali ambapo wenyeji wana jina lao la mimea ya namna hii, wanaombwa walilete. Jina la Wajapani lilitoka kwa watu waliouona mmea ukipigwa na upepo. Yawezekana liko la kwetu la namna hiyo, Usambara au Uluguru, ambalo halijafika mezani petu.

Aidha, vitu vya kujaza chungu cha okidi visiitwe "udongo" katika tafsiri yoyote. Vitajwe kwa majina yake, magome na makumbi. Na ikihitajika istilahi moja ya jumla, "tandiko la mizizi" laweza kufaa.

Hitimisho

Mimea iliyokufa katika majiko ya Uingereza haikuuawa na watu wavivu. Iliuawa na watu wenye bidii waliotii maneno yasiyolingana na kitu. Dawa ilipatikana pale mtu mmoja alipofungua dirisha na kuangalia kinachotokea.

Tafsiri ya karatasi ile niliiandika upya. Safari hii nilikwenda kwanza kibandani kwa mama yule, nikaung'oa mmea katika chungu mbele yake, tukaitazama mizizi pamoja ikigeuka rangi ndani ya ndoo ya maji. Ndipo nikaandika. Yeye huiuza okidi yake na karatasi hiyo hadi leo, na kwenye meza yangu ya kazi, karibu na kabati la kadi za istilahi, iko moja aliyonipa. Imechanua mara mbili. Kila nitakapo kupitisha neno la kitu nisichopata kukiona, huitazama kwanza.